MALEZI: Ya kuzingatia unapomtafutia mtoto wa chekechea darasa la baleti

METHALI isemayo samaki mkunje angali mbichi ndiyo huwasukuma wazazi wengi kuwatafutia watoto wao darasa la densi ya baleti wakiwa bado chekechea. Mzazi hujiambia kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne ana viungo laini, na kwamba akichelewa kidogo tu atakuwa amekauka na fursa imempita.

Dhana hiyo haina msingi, na ndiyo chanzo cha makosa mengi yanayofanywa wakati wa kuchagua darasa. Mzazi mwenye haraka huvutiwa na mahali ambapo watoto wadogo wanaonekana wakifanya mambo makubwa: wanapiga msamba, wanasimama kwenye vidole, wanapewa vyeti. Hayo ndiyo mambo yanayofaa kumtia wasiwasi.

Shule zinazosifika zaidi ulimwenguni kwa kulea wachezaji wa baleti hazina pupa hiyo. Chuo cha Vaganova cha St Petersburg nchini Urusi, ambacho kilianzishwa mwaka wa 1738, huwapokea wanafunzi wakiwa na umri wa miaka 10 hivi. Royal Ballet School ya Uingereza huwachukua wanafunzi wa kutwa kucha katika jumba la White Lodge, London, wakiwa na miaka 11. Ikiwa wenye ujuzi huo wote wanasubiri hadi wakati huo, hakuna sababu ya mwalimu wa mtaani kumkaza mtoto wa PP1.

Misty Copeland, ambaye mwaka wa 2015 alikuwa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kupandishwa hadi ngazi ya juu kabisa ya wachezaji katika kundi la American Ballet Theatre, alianza baleti akiwa na miaka 13. Hapa nchini, Joel Kioko aliyelelewa katika mtaa wa Kuwinda, Karen, alikutana na densi hiyo akiwa tayari mwanafunzi wa shule ya msingi, na bado alifika London kusomea English National Ballet School.

Je, basi darasa la chekechea lina faida gani? Lina faida kubwa, ila si ile inayotangazwa kwenye mabango. Kati ya miaka mitatu na mitano mtoto yumo katika kujifunza kuutawala mwili wake. Anajifunza kuruka kwa mguu mmoja bila kuanguka, kwenda shoti kama farasi, kutua kwa miguu miwili huku magoti yamekunjwa, na kupiga makofi yakilingana na mdundo. Anajifunza pia kusimama kama mti muziki unapokatika, jambo ambalo kwa mtoto wa miaka minne ni kazi nzito kuliko inavyoonekana, kwa kuwa linamtaka ajizuie wakati kila kiungo kinataka kuendelea.

Kisha kuna kungoja zamu, kusikiliza mtu mzima ambaye si mama wala baba, na kujua nafasi yake chumbani bila kumkanyaga mwenzake. Darasa zuri la umri huu hushughulikia mambo hayo, na huyafunika kwa hadithi na michezo hivi kwamba mtoto hajui kama anafunzwa. Maneno machache ya Kifaransa, ambayo ndiyo lugha ya baleti tangu enzi za Mfalme Louis XIV aliyeanzisha chuo cha densi jijini Paris mwaka wa 1661, yanaweza kupenyezwa humo. Mtoto atayadaka bila taabu. Lakini mwalimu anayetumia nusu ya kipindi kuwakaririsha watoto majina ya mikao hajaelewa anafundisha nani.

Kwa hivyo hatua ya kwanza si kuuliza karo. Ni kuomba kuketi na kutazama kipindi kizima kabla ya kumsajili mtoto. Mahali ambapo ombi hilo linakataliwa bila sababu ya maana ni heri kupaacha. Zipo shule ambazo huwafungia wazazi nje katika vipindi vya kawaida kwa kuwa watoto huvurugika wakiwaona, na hilo linaeleweka, mradi ziwe na siku maalumu za kutazama, au dirisha, au kipindi cha majaribio.

Anapotazama, mzazi asiwakodolee macho watoto wawili hodari walio mbele. Amtafute yule wa nyuma kabisa anayezubaa. Mwalimu humfanyia nini? Akimwita kwa jina, akamwinamia hadi macho yao yakalingana, kisha akampa kazi ndogo ya kumrudisha mchezoni, huyo ni mwalimu. Akimkaripia au kumcheka mbele ya wenzake, hata awe na shahada kutoka Ulaya, hafai kukabidhiwa mtoto mdogo.

Muda nao hueleza mengi. Nusu saa inamtosha mtoto wa miaka mitatu, na dakika 45 zinamtosha wa miaka mitano. Kipindi cha saa nzima kwa umri huo aghalabu huishia kwa vilio au kwa kucheza video. Idadi ya watoto pia itazamwe, maana mwalimu mmoja asiye na msaidizi akizungukwa na watoto zaidi ya 12 atakuwa anachunga tu.

Suala la mwili ndilo linalostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi, kwa sababu madhara yake hayaonekani siku hiyo hiyo. Kwenye ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna tabaka la gegedu ambalo ndilo humrefusha. Tabaka hilo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa, na linaweza kuumizwa na mzigo unaorudiwarudiwa.

Baleti inajulikana kwa ule mkao wa nyayo zilizogeuzwa nje, visigino vikikutana. Kwa mchezaji aliyekomaa mgeuko huo hutoka kwenye nyonga. Kwa watoto wengi wa chekechea, mfupa wa paja kiasili bado umegeukia ndani kidogo, na ndiyo maana baadhi yao hutembea vidole vikitazamana. Hali hiyo hujirekebisha yenyewe kadiri wanavyokua. Mtoto wa aina hiyo akilazimishwa kugeuza nyayo nje kabisa, nyonga haitampa mgeuko huo; atautoa kwenye goti na kifundo cha mguu, viungo ambavyo havikuumbwa kwa kazi hiyo. Mwalimu anayejua kazi yake huwaacha watoto wadogo wasimame miguu ikiwa sambamba, au wafungue nyayo kidogo tu kama herufi V nyembamba.

Vivyo hivyo, nyayo bapa za mtoto wa miaka minne si kasoro, kwani tao la wayo hujengeka polepole utotoni. Hakuna haja ya kumnunulia mazoezi ya kulitengeneza. Na mwalimu akionekana akimkandamiza mtoto mabega au mapaja ili apige msamba, mzazi amchukue mwanawe na kuondoka. Kunyoosha viungo kwa umri huu kunatosha kukiwa mchezo: kuketi kama kipepeo, kujinyoosha kama paka.

Viatu vyenye ncha ngumu vya kusimamia vidole havina nafasi kabisa katika chekechea. Wataalamu wa tiba ya wachezaji densi hushauri visivaliwe kabla ya umri wa miaka 12 hivi, na hata hapo iwe baada ya mafunzo ya miaka kadhaa na nguvu za kutosha katika kifundo na kiwiliwili. Kuna wauzaji wanaouza vya mfano huo kama vitu vya kuchezea. Picha hupendeza, lakini miguu ni ya mtoto.

Sakafu husahauliwa mara nyingi. Madarasa mengi nchini hufanyiwa katika kumbi za makanisa, shule na vilabu, ambako chini ni simenti, terazo au vigae. Sakafu inayofaa densi ni ya mbao zilizowekwa juu ya mihimili au tabaka laini, hivi kwamba hunepa kidogo mtu anapotua na kumpunguzia magoti mshtuko. Mzazi anaweza kuvua viatu akaruka mara mbili tatu mwenyewe, miguu itamweleza.

Hata hivyo, sakafu ngumu si sababu tosha ya kulikataa darasa. Huko Kibera, ambako mwalimu Mike Wamaya alijipatia sifa kwa kufundisha baleti hadi akawa miongoni mwa walimu 10 waliofika fainali ya tuzo ya Global Teacher Prize mwaka wa 2017, watoto walicheza katika darasa la kawaida baada ya madawati kuondolewa. Mwalimu mwenye busara akiwa na sakafu kama hiyo hupunguza kuruka na kuongeza mwendo, mikono na muziki. Asiye na busara huwarukisha watoto nusu saa juu ya vigae. Utelezi nao ni hatari zaidi ya ugumu: soksi juu ya vigae vilivyopigwa deki humwangusha mtoto upesi. Heri peku, au viatu laini vya ngozi au turubai vinavyomtosha sawasawa, si vile vilivyonunuliwa vikubwa ili avikulie.

Kuhusu vyeti vya mwalimu, mzazi afahamu kwamba katika nchi nyingi, Uingereza ikiwemo, jina la mwalimu wa densi halilindwi na sheria. Yeyote anaweza kutundika bango. Ndiyo maana vyama kama Royal Academy of Dance, maarufu kama RAD, kilichoundwa London mwaka wa 1920, na Imperial Society of Teachers of Dancing, cha tangu 1904, hutoa mafunzo na mitihani kwa walimu. Mwalimu akisema amesajiliwa na chama fulani, si utovu wa adabu kumwambia, “Mwalimu, naomba kuona cheti chako.” Lakini kucheza vizuri jukwaani si sawa na kuweza kulea watoto 10 wa miaka minne. Aliyewahi kufundisha chekechea na akasomea densi kiasi anaweza kumfaa mtoto huyu kuliko nyota aliyestaafu.

Mitihani ya watoto isipewe uzito. Hatua ya mwanzo kabisa ya mitihani ya RAD huanzia umri wa miaka mitano, kwa hivyo shule inayomtoza mzazi pesa za “mtihani wa kimataifa” wa mtoto wa miaka mitatu inapaswa kueleza mtihani huo umetoka wapi.

Usalama haujadiliwi kwa aibu. Baleti ni somo ambalo mwalimu humgusa mwanafunzi ili kurekebisha mkao, na mtoto mdogo hawezi kutofautisha mguso wa kazi na mwingine. Mzazi aulize ni nani humpeleka mtoto msalani, ni nani humbadilisha nguo, iwapo kuna mtu mzima wa pili chumbani, na iwapo walimu wana cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Shule iliyojipanga huwa na majibu tayari. Inayokasirika imejibu pia.

Mavazi ni jambo dogo linalogharimu sana. Mtoto anahitaji nguo inayoubana mwili kiasi cha mwalimu kuona magoti na mgongo, basi. Ile sketi ya wavu yenye marinda ni ya sherehe. Zipo shule zinazong’ang’ania soksi ndefu za waridi kwa kila mtoto, ilhali rangi hiyo ilikusudiwa kufanana na ngozi ya Wazungu, ili mstari wa mguu usikatike machoni pa mtazamaji. Kundi la Dance Theatre of Harlem la New York liliachana na desturi hiyo miaka ya 1970 na kuvaa rangi ya ngozi ya mchezaji mwenyewe, na mwaka wa 2018 kampuni ya Freed of London ilianza kuuza viatu vya ncha ngumu vya rangi ya kahawia. Mtoto wa Kitale au Mombasa hana deni la waridi. Nywele zilizosukwa nazo hazimzuii kucheza.

Akina baba wengi hudhani baleti ni ya wasichana. Katika umri huu mazoezi ni yale yale kwa wote, na mvulana hupata humo usawa wa mwili utakaomfaa hata katika kandanda. Kinachoulizwa ni iwapo shule ina wavulana wengine, kwa maana akiwa peke yake miongoni mwa wasichana 11 huenda akaacha mapema.

Malipo yafanywe kwa muhula, wala si kwa mwaka mzima, na gharama ya onyesho la mwisho wa mwaka iulizwe mapema, kwa kuwa hapo ndipo vazi, tiketi na picha hujumlishwa na kuzidi karo yenyewe. Mtoto akilia wiki mbili za kwanza, si ajabu, wengi huzoea. Akiendelea kukataa baada ya mwezi, apumzishwe mwaka mmoja kisha aulizwe tena.

Na kwa mzazi aliye mbali na mji wenye darasa la baleti, mtoto wake hajapungukiwa. Ngoma kama isikuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo shirika la UNESCO liliiorodhesha mwaka wa 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura, humfunza mtoto mdundo, kuruka, kutua na kufuatana na wenzake. Akitaka baleti akiwa na miaka minane au tisa, ataingia darasani akiwa na masikio na miguu iliyokwisha kufunzwa.