Injini ikimisi, uliza kwanza: ni silinda gani?

Gari la petroli lililobeba mboga kutoka Musanze likianza kutetemeka mlimani kabla ya kufika Gisenyi, mwenye mzigo huingia hasara mbili. Mboga zinanyauka huku wateja wa Goma wakisubiri ng'ambo ya Petite Barrière, na fedha zinaishia kwenye vipuri visivyohitajika. Hasara ya pili inaepukika.

Injini kumisi maana yake silinda moja au zaidi haichomi petroli sawasawa. Silinda inahitaji hewa, petroli, mgandamizo na cheche kwa wakati wake. Mlimani injini hufanya kazi zaidi, na hapo ndipo plagi iliyochoka au koili dhaifu hujulikana, hata kama mjini gari lilikwenda vizuri. (Dizeli haina plagi za cheche, kwa hiyo ina vipimo vyake.)

Fundi akikwambia ubadilishe plagi na koili zote, muulize: ni silinda gani? Magari mengi ya kisasa hujibu yenyewe kupitia mashine ya kupima. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. P0300 ni kumisi kusikotajiwa silinda moja. Hapo chunguzeni kwanza vinavyotumiwa na silinda zote, kama pampu, petroli yenye maji au hewa inayovuja.

Namba hiyo hutaja silinda, haitaji kipuri. Ikitoka P0301, na kila silinda ina koili yake, zimeni injini, ipoe, kisha mbadilishane koili ya kwanza na ya pili. Futeni namba, endesheni, pimeni tena. Ikitoka P0302, koili ndiyo mbovu: nunua moja tu. Ikibaki P0301, fanyeni vivyo hivyo kwa plagi. Bado? Sasa ni zamu ya injekta na mgandamizo.

Tazama pia plagi yenyewe. Kahawia hafifu ni dalili njema. Masizi makavu mara nyingi ni petroli nyingi kuliko hewa. Kagua chujio la hewa. Ikilowa oili, plagi mpya haitamaliza tatizo.

Taa ya injini ikiwakawaka, simama mahali salama. Petroli isiyoungua huingia kwenye ekzosi na kuharibu katalisti, kipuri cha bei kubwa kuliko koili. Kuhamishia mzigo gari jingine ni nafuu.

Kabla ya kulipa, omba kipuri cha zamani, na gari lipimwe tena mbele yako.