"Hawakujitokeza" au "Walizuiwa"? Kufasiri Mahudhurio ya Wapiga Kura Kivu Kaskazini

Kila uchaguzi mkuu unapomalizika, hasa ule ulioligawa taifa, wafasiri huzitazama tarakimu za mahudhurio. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tarakimu hizo zimekuwa zikishuka: takriban 70 kwa mia katika duru ya kwanza ya mwaka 2006, 59 mwaka 2011, 48 mwaka 2018 na 43 mwaka 2023. Aghalabu mteremko huo huelezwa kuwa ni uchovu wa wananchi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maelezo hayo hutegemea sana kitenzi kinachoteuliwa.

Kitenzi kilichozoeleka ni *kujitokeza*. Kiambishi *-ji-* hulirejesha tendo kwa mtendaji. Kwa hiyo "hakujitokeza" humfanya mpiga kura aonekane kuwa ameamua mwenyewe. *Kususia* huongeza nia ya kupinga. *Kuzuiwa*, chenye kiambishi *-w-* cha kutendwa, huzua swali jingine: ni nani au ni nini kilichozuia?

Mfano wa Beni na Butembo watosha. Mwezi Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi (CENI) iliahirisha kura huko hadi Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama, ilhali Rais mpya aliapishwa Januari 2019. Siku ya uchaguzi wakazi wa Beni walijipangia kura yao ya mfano, wakapanga foleni. Watu hao hawawezi kuitwa wachovu, walizuiwa.

Mwaka 2023 hali ilitofautiana baina ya wilaya zinazopakana. Walikale ilipiga kura. Masisi haikupiga, wala Rutshuru, kwa sababu ya vita vya M23, na viti vyao katika Bunge la Taifa vikabaki wazi. Hapa ipo hitilafu ya hesabu. Mtu wa Itebero aliyeandikishwa, akashindwa kufika kituoni kwa ubovu wa barabara au kwa hofu ya wenye silaha, huhesabiwa miongoni mwa "wasiojitokeza". Mtu wa Masisi ambaye hakuandikishwa kamwe hahesabiwi popote, hata miongoni mwa waliokosa.

Nia za waliopiga kura nazo zataka uangalifu. Mwaka 2006 Joseph Kabila alipata zaidi ya 90 kwa mia katika Kivu, na baadhi ya watu wakasema kuwa Waswahili wamempigia wao. Mwaka 2011 lugha ilikuwa ileile, lakini kura za Kivu ziligawanyika kati yake, Vital Kamerhe na wengineo. Lugha pekee, basi, haitoshi kuwa sababu.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika "hawakujitokeza", mfasiri hana budi kuuliza: je, jina lilikuwamo daftarini? Kituo kilifunguliwa? Njia ilipitika? Jibu likiwa ni hapana, kitenzi hicho humlaumu aliyenyimwa haki.