Tundu Dogo Utosini

Utosini mwa mtoto mchanga, mahali panapodundadunda anaponyonya, ubongo umefunikwa na ngozi na utando tu. Mfupa hauzibi pengo hilo hadi atimize mwaka mmoja au zaidi. Hata penye mfupa, fuvu ni jembamba. Sindano ya kushonea, msumari au jino la mbwa halihitaji nguvu nyingi kufika ndani.

Kinachowapotosha wengi ni udogo wa jeraha. Damu yote ya mtoto wa kilo 3 hukaribia mililita 250, haijazi chupa ya soda. Kitambaa kimoja kilicholowa ni hasara kubwa kwake. Tundu lililokauka nalo laweza kuwa limeficha uchafu au kipande cha mfupa, na homa ya uti wa mgongo ikazuka siku kadhaa baadaye. Mtoto huacha kunyonya, hulegea, utosi huvimba, au degedege humpata.

Aliye tumboni naye hufikiwa. Miezi ya mwisho mfuko wa uzazi hutangulia mbele ya matumbo ya mama, na kichwa cha mtoto mara nyingi kimeshuka; kisu au risasi chini ya kitovu yaweza kumjeruhi mtoto vibaya kuliko mama. Kwa hiyo mjamzito aliyechomwa, hata akija kwa miguu yake, mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe mara moja.

Kitu kilichokwama kichwani kisichomolewe nyumbani wala zahanati, kwani huenda ndicho kinachoziba mshipa uliokatika. Kizungushiwe kitambaa safi kisitikisike, mtoto alindwe na baridi, safari ianze. Majivu na dawa za majani visiguse jeraha. Kutoka Mirongo, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando ipo kilimani, karibu. Anayetoka Sengerema, tangu Juni 2025 hapangi tena foleni ya kivuko, kwa kuwa Daraja la J.P. Magufuli limefunguliwa. Picha ya CT huonyesha njia kilimopita kitu hicho, nacho hutolewa katika chumba cha upasuaji. Fomu ya polisi, PF3, ifuatiliwe na ndugu mwingine huku mtoto akihudumiwa.

Nchini Iran na Uturuki, madaktari wameripoti watu wazima waliokutwa na sindano ubongoni, zilizopenyezwa utosini walipokuwa wachanga. Ndiyo maana mhudumu huuliza nani alikuwa na mtoto. Swali hilo liulizwe faraghani, kwa upole. Mama aliyelemewa na sonona baada ya kujifungua anahitaji tiba kama mwanawe.