Kununua Kamera ya Kwanza: Tazama Lenzi Kabla ya Kutazama Jina

Siku hizi watu wengi, wa mijini na wa mashambani, hupiga picha kwa simu. Lakini wako wanaotaka kwenda mbele zaidi. Mmoja ataka kupiga picha za arusi apate riziki; mwingine ni mwalimu atakaye kuweka kumbukumbu za shule yake; wa tatu aipenda kazi ya picha kwa uzuri wake tu. Watu hao huweka akiba miezi mingi, kisha huingia dukani wakakuta kamera zimepangwa safu kwa safu, na muuzaji aisifu ile iliyo ghali. Wengi hutoka na kamera isiyofaa kazi yao. Makala haya yataka kumweleza msomaji jinsi ya kuchagua kamera ya kwanza ya aina ya DSLR, pamoja na lenzi yake, ili fedha aliyoitolea jasho isipotee bure.

KIOO KILICHO NDANI

Kamera ya DSLR ni kamera yenye kioo kidogo ndani yake. Nuru huingia kwa lenzi, hupiga kioo hicho, ikapanda mpaka dirisha dogo la kuchungulia. Hivyo mpiga picha huona kile kile kinachopita katika lenzi. Abonyezapo kitufe, kioo huinuka, pazia lililo nyuma yake hufunguka kwa muda mfupi sana, na nuru huangukia bamba dogo la kuipokea. Bamba hilo ndilo lililochukua mahali pa filamu ya zamani. Faida kubwa ya kamera za namna hii ni kwamba lenzi yake yaweza kutolewa na nyingine kutiwa, kwa kadiri ya kazi iliyopo.

Yafaa kujua pia kwamba viwanda vimeanza kuziacha kamera hizi. Mwaka 2018 Canon na Nikon, makampuni makubwa ya Japani, yalitoa kamera za EOS R na za Z, ambazo hazina kioo, na tangu hapo nguvu zao nyingi zimeelekea huko. Kampuni ya Sony iliacha kuuza kamera zake za kioo mwaka 2021. Habari hiyo isimtishe mtu. Kamera haiachi kupiga picha kwa sababu kiwanda kimeanza kutengeneza nyingine. Zaidi ya hayo, wapiga picha wengi waliohamia kamera mpya wameuza zile za zamani, na mwanafunzi aweza kupata kamera njema iliyokwisha kutumika kwa bei nafuu. Tena lenzi za Canon za aina ya EF, zilizoanza kuuzwa mwaka 1987, zaweza kufungwa katika kamera za EOS R kwa kutia kiungo maalum katikati. Basi anunuaye lenzi nzuri leo hajatupa fedha yake.

WATU WAWILI WENYE FEDHA SAWA

Tuseme watu wawili wana akiba sawasawa. Wa kwanza anunua kamera mpya yenye pikseli nyingi, na fedha yote yaishia hapo. Lenzi yake ni ile moja tu iliyokuja nayo sandukuni. Wa pili anunua kamera ya kawaida iliyotumika, iliyo nzima, nayo ina lenzi kama ile ile. Na kwa fedha iliyobaki anunua lenzi ya pili, ndogo, yenye tundu kubwa. Jioni moja kila mmoja aitwa kupiga picha za arusi katika ukumbi wenye taa hafifu. Je, ni nani atakayerudi na picha njema?

Ni rahisi zaidi kwa yule wa pili, na sababu yake ni hii. Lenzi ya kawaida huandikwa 18-55mm, na karibu yake 3.5-5.6. Tarakimu hizi za mwisho zaonyesha ukubwa wa tundu ambalo nuru hupitia. Wengi hukosea hapa, kwa kuwa tarakimu ndogo ina maana ya tundu kubwa. Lenzi hiyo ikivutwa mpaka 55mm, tundu lake kubwa kabisa ni 5.6. Ile lenzi ndogo ya mtu wa pili ni ya 50mm, na tundu lake ni 1.8. Tofauti yaonekana kuwa kidogo, lakini ukipiga hesabu utaona kwamba lenzi ya 1.8 hupitisha nuru karibu mara kumi zaidi.

Sasa rudini ukumbini. Ikiwa kamera ya kwanza yahitaji pazia lake likae wazi kwa sehemu moja ya sita ya sekunde, ya pili yatosheka na sehemu moja ya sitini. Bibi arusi haji akasimama kama sanamu. Hutembea, hucheka, hugeuka kumtazama mama yake. Katika sehemu moja ya sita ya sekunde uso wake utakuwa umekwisha kusogea, na picha itatoka na ukungu. Mtu wa kwanza aweza kupandisha ile namba iitwayo ISO, lakini akiipandisha mno picha hujaa chengachenga. Aweza pia kuwasha taa ndogo ya kamera, lakini taa hiyo huwafikia walio karibu tu. Nyuso huwa nyeupe kupita kiasi na ukumbi nyuma yao huwa giza. Na arusi haifanywi mara ya pili kwa ajili ya mpiga picha.

Ama kuhusu pikseli, kamera yenye pikseli milioni 24 hutoa picha ya karatasi yenye urefu wa inchi 20, nayo ikawa safi kabisa. Hata kamera ya Canon EOS 300D ya mwaka 2003, yenye pikseli milioni 6 na kidogo, yatosha kwa karatasi ya inchi 10 kwa karibu 7, na picha nyingi za albamu hazifikii hapo. Basi hesabu ya pikseli isiwe ndiyo sababu ya kumaliza akiba yako.

UREFU WA LENZI

Zile tarakimu za milimita zaonyesha jinsi lenzi inavyoona. Ya 18mm huona mahali papana, kama vile darasa zima. Ya 55mm huvuta karibu, kama vile uso wa mtu mmoja. Lakini jihadharini. Kamera nyingi za wanaoanza zina bamba lenye upana wa milimita 22 au 23 hivi, hali filamu ya zamani ilikuwa na milimita 36. Kwa hiyo lenzi ya 50mm katika kamera hizo huona kama ya 80mm katika Canon, na kama ya 75mm katika Nikon. Hiyo ni njema kwa picha ya uso. Katika chumba kidogo, mpiga picha atarudi nyuma mpaka mgongo wake uguse ukuta, na familia bado haijaenea. Kwa kazi ya nyumbani, mwenye Nikon atazame lenzi ya DX 35mm yenye tundu la 1.8, mwenye Canon atazame ya EF-S 24mm, ijapokuwa tundu lake ni 2.8.

Njia ya kujua ni hii. Kabla ya kununua lenzi ya pili, chukua ile ya 18-55mm, iweke kwenye 35 kutwa nzima bila kuigeuza. Kesho yake iweke kwenye 50. Siku hizo mbili zitakufundisha kuliko maneno ya muuzaji ye yote.

Tena si kila lenzi hufaa kila kamera. Kamera za Nikon za D3000 hata D3500, na za D5000 hata D5600, hazina mota ndani ya mwili wake. Zahitaji lenzi yenye mota yake, kama ile iliyoandikwa AF-S. Lenzi ya zamani iliyoandikwa AF tu itaingia vizuri, lakini itakulazimu kuizungusha kwa mkono mpaka picha iwe dhahiri. Kwa Canon, lenzi za EF na EF-S zote huingia katika kamera zake nyingi za kioo zenye bamba dogo; ila zile za EF-S haziingii katika zenye bamba kubwa.

KABLA YA KULIPA

Anunuaye kamera iliyotumika asikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwanza, atoe lenzi na kuitazama akiielekeza penye mwanga. Akiona nyuzi kama za buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, na aiache. Pili, apige picha ya ukuta mweupe kwa tundu la 16, kisha aikuze. Madoa meusi yakaayo mahali pale pale katika kila picha ni vumbi juu ya bamba. Tatu, ajaribu kila kitufe, na kadi, na betri, na chaja. Nne, aulize kamera imepiga picha ngapi. Pazia huchakaa, kwa kamera nyingi za wanaoanza hukadiriwa kudumu kama mara 100,000. Katika Nikon hesabu hiyo huandikwa ndani ya picha yenyewe, na kompyuta yaweza kuisoma. Tano, adai stakabadhi yenye namba ya kamera, asije akashikwa na mali ya wizi.

Akiisha kununua, aitunze. Asibadilishe lenzi barabarani penye vumbi. Na akilazimika, aelekeze mdomo wa kamera chini. Wakaao pwani wakumbuke kwamba hewa yenye unyevu huzaa kuvu. Waiweke kamera katika kopo lifungikalo vizuri pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu, wala wasiiache miezi mingi mkobani bila kuitumia.

Kwa ufupi, kamera ya kawaida iliyo nzima, lenzi ya 18-55mm, na lenzi moja ndogo yenye tundu kubwa, vyatosha kabisa kwa mtu anayeanza. Fedha ikibaki, ainunulie betri ya pili na kadi ya pili, maana betri haichagui saa ya kwisha, nayo yaweza kumwacha mtu pale pale maarusi wanapoingia.