Tiketi zahamia simuni, lakini lango bado ni lile lile

KWA miaka mingi, shabiki wa kandanda aliyetoka mtaa wa Muthurwa, jijini Nairobi, alihitaji tu noti mfukoni ili kuingia uwanjani. Alifika langoni, akapanga foleni, akalipa na kukabidhiwa kipande cha karatasi.

Katika mechi kubwa za siku hizi, noti hiyo huenda isimfikishe popote. Tiketi za mechi za Nairobi za mashindano ya CHAN, ambayo Kenya iliandaa kwa pamoja na Tanzania na Uganda mnamo Agosti 2025, ziliuzwa kupitia mtandao wa Mookh, kampuni changa ya humu nchini ambayo Eric Thimba ni mmoja wa waasisi wake.

Je, biashara iliyozoeleka kwa kuuza tiketi za tamasha za muziki ilifikaje kwenye lango la uwanja wa Kasarani?

Jibu la kwanza ni pesa. Zamani, anayenunua kitu kwenye intaneti alilazimika kuwa na kadi ya benki, chombo ambacho mchuuzi wa mitumba au kibarua wa Landhies Road hakuwa nacho. Mnamo Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa, na simu ya mkononi ikageuka pochi. Miaka miwili baadaye, nyaya za mawasiliano zilizopitishwa chini ya bahari zilifika Mombasa na kasi ya intaneti ikaimarika.

Jibu la pili ni burudani. Tamasha kama Blankets and Wine, iliyoanzishwa mwaka wa 2008, ziliwavutia vijana waliozoea mtandao. Kampuni kama Ticketsasa, na baadaye Mookh, zilipata wateja hapo kabla ya kandanda kuzifuata.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Mnunuzi huchagua hafla kwenye tovuti, huandika nambari ya simu na kuthibitisha malipo kwa nambari yake ya siri. Kisha hupokea msimbo usiofanana na mwingine wowote. Langoni, mhudumu huusoma msimbo huo kwa kifaa, nao huhesabiwa kuwa umetumika. Anayeuleta mara ya pili hukataliwa.

Kwa mwandalizi, faida ni bayana. Hujua mapema watu wangapi watakuja, na mapato hayapitii mikononi mwa makarani wengi. Hilo ni jambo zito katika soka ya Kenya, ambako vilabu vimelalamika kwa muda mrefu kwamba pesa za milangoni huvuja.

Kampuni ya tiketi nayo hujilipa kwa kamisheni. Kwa kuwa kiingilio cha mechi huwa cha chini, kamisheni ya tiketi moja ni pesa kidogo mno, na ni lazima ziuzwe maelfu ndipo faida ionekane. Hafla zisipokuwepo, mapato hukatika. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 2020, serikali ilipopiga marufuku mikusanyiko ili kuzuia kuenea kwa Covid-19.

Hata hivyo, suala la tiketi halihusu pesa pekee. Mnamo Oktoba 23, 2010, watu saba walifariki katika mkanyagano kwenye uwanja wa Nyayo, umati ulipong'ang'ania kuingia kutazama mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Tangu siku hiyo, hakuna anayeweza kudai kwamba msongamano wa langoni ni usumbufu mdogo.

Ndiyo maana yaliyotokea Kasarani yanafaa kutafakariwa. Katika mechi za mwanzo za Harambee Stars kwenye CHAN, mashabiki wasio na tiketi walivunja vizuizi na kuingia. Shirikisho la Soka la Afrika (CAF) lilichukua hatua kali: mashabiki wasizidi 27,000 katika mechi ya Kenya na Zambia ya Agosti 17, na tiketi za kielektroniki pekee ndizo zikubaliwe.

Hapo ndipo kikomo cha teknolojia kilipodhihirika. Mtambo unajua tiketi ngapi zimeuzwa na ngapi zimesomwa langoni. Haujui ni wangapi waliopanda ua. Kazi hiyo ni ya polisi, wasimamizi wa uwanja na vizuizi vilivyowekwa mbali na lango, ili asiye na tiketi arudishwe kabla ya kuufikia umati.

Kuna pia suala la haki. Kibarua anayelipwa jioni hawezi kununua asubuhi tiketi zinazomalizika kwa muda mfupi. Mwenye simu ndogo, maarufu kama kabambe, huenda ana M-Pesa lakini hana njia ya kuifungua tovuti. Humlazimu kumwomba jirani amnunulie, au kuangukia mikononi mwa walanguzi.

Walanguzi nao wamebadili mbinu. Mmoja anaweza kununua tiketi moja, akapiga picha ya msimbo na kuwauzia watu watatu. Atakayefika kwanza ataingia. Wawili watabaki nje wakiwa wamelipa. Kwa hivyo, ni busara kununua kwenye tovuti iliyotangazwa na waandalizi wenyewe, na kutoanika msimbo kwenye mitandao ya kijamii.

Waandalizi nao wanaweza kutenga sehemu ya tiketi kwa wasio na intaneti, ziuzwe na mawakala katika mitaa kama Muthurwa siku kadhaa kabla ya mechi, kila moja ikiwa na msimbo wake. Shabiki mwenye tiketi mkononi hana sababu ya kuvunja lango.