Kibali cha Duka, Bango la Burger

Shule za msingi za England huwapima watoto uzito na urefu mara mbili: wanapoanza, na wanapokaribia kumaliza wakiwa na miaka 10 au 11. Katika mwaka wa masomo wa 2022/23, asilimia 30 hivi ya hao wakubwa katika maeneo fukara zaidi walikuwa na unene wa kupindukia. Katika maeneo yenye neema zaidi, asilimia 13. Pengo hilo halielezeki kwa ulafi wala uvivu, labda mtu aamini kwamba Mungu aligawa nia ya kujizuia mtaa kwa mtaa. Mitaa ya wasio nacho imejaa maduka ya chipsi na kuku wa kukaanga, bei zake haziumizi mfuko, na mzazi anayetoka zamu usiku hana nguvu za kuinjika sufuria. Mahubiri ya kula mboga humfaa mwenye nafasi ya kuyafuata, hivyo pengo huzidi kupanuka.

Tangu 2013 jukumu la afya ya jamii huko liko kwa halmashauri, na chache zimegundua kwamba vibali na mabango vina nguvu kuliko vipeperushi. Mwaka 2015 halmashauri ya Gateshead iliamua kuyanyima vibali maduka mapya ya vyakula vya kubeba katika kata ambako zaidi ya asilimia 10 ya watoto wa miaka 10 au 11 wamenenepa kupindukia, kigezo kilichozibana karibu kata zote. Jijini London, Februari 2019, Meya Sadiq Khan alipiga marufuku matangazo ya vyakula vyenye mafuta, chumvi au sukari nyingi kwenye treni na mabasi ya jiji. Watafiti waliolinganisha manunuzi ya London na ya kaskazini mwa England walikuta kila kaya ikinunua vyakula hivyo pungufu kwa kalori 1,000 hivi kwa wiki kuliko ilivyotarajiwa.

Wapo wanaolalamika kwamba serikali inawachagulia watu chakula. Lakini burger bado inauzwa. Kilichoondolewa ni sauti ya muuzaji. Kweli, kanuni hiyo ya London ilileta vituko: tangazo la kampuni ya Farmdrop lilikataliwa kwa sababu ya siagi, mayai na nyama. Pingamizi zito ni jingine: kunyima kibali hakufungi duka la zamani wala hakushushi bei ya nyanya, na mishahara haipangwi na halmashauri.