Laina ya nepi: Jua kazi yake kabla ya kununua

Dar es Salaam. Masika ya mwaka jana dada yangu alikuwa na mtoto wa miezi miwili, nepi za vitambaa 20 na kamba moja ya kuanikia barazani. Nepi zilikuwa zinamaliza siku mbili hazijakauka. Mfanyakazi mwenzake akamletea zawadi: pakiti ya laina 100, zile karatasi laini zinazotandikwa juu ya nepi kabla ya kumvalisha mtoto.

Dada alifurahi. Aliamini karatasi ile ikiwa katikati, mtoto hagusani na mkojo, hivyo nepi moja inaweza kukaa muda mrefu. Pakiti ilikwisha ndani ya wiki mbili. Kabla haijaisha, mtoto alikuwa na upele mwekundu makalioni, analia kila akisafishwa.

Kliniki, muuguzi hakuuliza habari za laina. Alitaka kujua nepi inabadilishwa kila baada ya muda gani.

Kosa la dada ni la wazazi wengi. Kama na wewe unafikiria kununua laina, anza na swali hili: inafanya kazi gani hasa?

Inanasa choo, si mkojo

Laina imetengenezwa ili mkojo upite uende kwenye kitambaa, na choo kigumu kibaki juu yake. Ni nyembamba, haiwezi kumweka mtoto mkavu kwa saa nyingi.

Ngozi iliyolowa hulainika na kuchubuka upesi. Choo kikichanganyika na mkojo, vimeng'enya vilivyomo kwenye choo huanza kuichoma. Kwa hiyo, yenye laina au isiyo na laina, nepi yenye choo ibadilishwe mara moja, na ya mkojo isikae zaidi ya saa mbili hadi tatu mchana.

Umri gani inafaa?

Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee hupata choo chepesi kinachopenya laina na kuingia kwenye nepi. Hapo unatupa fedha, kwani choo hicho hutoka kwa kusuuzwa tu.

Baada ya miezi sita, mtoto akianza uji, viazi na ndizi za kuponda, choo hushikamana. Huo ndio wakati wa laina.

Hata hapo, si lazima kila nepi. Ukibadilisha nepi nane kwa siku na zote ukaziwekea laina, pakiti ya 100 haifiki wiki mbili. Lakini watoto wengi huwa na nyakati zao za kupata choo. Ukitandika mbili tu kwa siku, pakiti hiyo hiyo inakwenda siku 50.

Kuna wakati mwingine laina inasaidia: unapompaka mtoto krimu nzito ya zinki. Mafuta ya krimu yakiganda kwenye nepi, kitambaa hakinyonyi tena vizuri. Laina huikinga.

Namna ya kuchagua

Nunua kwanza pakiti ndogo kuliko zote, kisha ijaribu nyumbani.

- Inuse. Yenye manukato iache, huweza kuwasha ngozi.
- Ipitishe shavuni kwako. Ikikukwaruza wewe, itamkwaruza na mtoto.
- Itandike juu ya nepi, udondoshee kijiko cha maji. Yanapaswa kupita upesi. Yakituama, mkojo utatiririka pembeni.
- Ilowanishe na uivute. Ikichanika vipande vipande, itabaki imegandia makalioni.
- Angalia upana. Nyembamba sana hujikunja katikati ya makalio. Inayotokeza nje ya nepi hupeleka unyevu kwenye nguo.

Usibabaishwe na neno "mwanzi" kwenye pakiti. Mara nyingi ni nyuzi zilizopitishwa kwenye kemikali kiwandani. Majaribio yako nyumbani yanakuambia zaidi kuliko neno hilo.

Usiitupe chooni

Hata kama pakiti imeandikwa kuwa inaweza kutupwa chooni, usifanye hivyo. Kwenye choo cha kuvuta huziba bomba, na kwenye choo cha shimo huharakisha kujaa. Dondosha choo cha mtoto chooni, laina ifunge kwenye mfuko na uiweke kwenye pipa la taka.

Kisha nawa mikono kwa sabuni. Wapo wanaoamini choo cha mtoto hakina madhara, lakini hubeba vimelea vya kuhara kama cha mtu mzima.

Kama bajeti hairuhusu

Kata kanga kuukuu ya pamba vipande vinavyoenea kwenye nepi, uvipinde kingo. Vinanasa choo vilevile na vinafuliwa. Ukivianika nje, vipige pasi pande zote mbili pamoja na nepi, kwa sababu wapo nzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi na funza wake huingia kwenye ngozi.

Lini uende kituo cha afya?

Mpeleke mtoto ikiwa upele haupungui ndani ya siku tatu, una usaha au vidonda, au ana homa. Wekundu uliokolea kwenye mikunjo ya mapaja, wenye vidoa vidogo pembeni, mara nyingi ni fangasi na una dawa yake. Usimpake krimu yoyote ya duka la dawa kwa kukisia. Nyingine zina steroidi, na ngozi ya mtoto iliyofunikwa na nepi huzifyonza kwa wingi.

Upele wa mtoto wa dada ulipona kwa kubadilishwa nepi mara kwa mara na kuachwa wazi kwa muda kila siku. Sasa amevuka mwaka. Laina zimerudi nyumbani kwao, ila hutandikwa moja tu, asubuhi baada ya uji.